Jinsi ya kusoma sosholojia ndani ya shahada ya uchumi: mwongozo kwa mwanafunzi wa Nyanda za Juu Kusini

Mwanafunzi wa uchumi anapofungua ratiba ya muhula na kukuta kozi ya sosholojia imekaa katikati ya hisabati na nadharia ya bei, mara nyingi huichukulia kama mahali pa kupumzikia. Huiona kuwa kozi ya maneno, isiyo na mlinganyo hata mmoja, ambayo itasomwa wiki mbili kabla ya mtihani kwa kutumia madaftari ya waliotangulia. Matokeo yanapobandikwa, yule aliyepata A katika takwimu anakuta C katika kozi aliyoidharau, na hajui alikosea wapi, kwa kuwa kila alichoandika kilikuwa kweli. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake, hasa akiwa anasoma Mbeya, Iringa au mji mwingine wa ukanda huu, ambako maswali ya sosholojia ya uchumi hupita barabarani kila siku yakiwa yamepakiwa kwenye Fuso.

Nianze kwa kusema ninavyoielewa kazi ya kozi hii. Ili mchumi aweze kuhesabu, inambidi ashikilie mambo mengine yasibadilike: nani anamjua nani, nani anamwogopa nani, nani ana haki ya kusema shamba ni lake, na jambo gani ni aibu kulifanya mbele ya majirani. Sosholojia inayachukua hayo yaliyoshikiliwa na kuuliza yalikujaje kuwa hivyo. Anayeisoma kwa jicho hilo ataona kila mada inagusa kitu alichokwisha kukipita haraka katika somo lake kuu, na hatua zote zinazofuata zimejengwa juu ya wazo hilo moja.

Hatua ya kwanza: isome prospektasi kabla hujachagua kozi

Kozi ya utangulizi wa sosholojia inaweza kuwa ya lazima katika mwaka wa kwanza au ya hiari katika mwaka wowote, kutegemea chuo, na kozi za juu zaidi, kama sosholojia ya maendeleo, sosholojia ya vijijini au mbinu za utafiti wa kijamii, mara nyingine hufundishwa na idara nyingine yenye ratiba yake. Kwa hiyo nenda kwa mratibu wa programu yako mapema, ukiwa na prospektasi mkononi, umwulize mambo mawili: kama kozi unayoitaka ina kozi inayopaswa kutangulia, na kama vipindi vyake havigongani na vya ekonometriki, yaani kozi ya kupima nadharia za uchumi kwa takwimu.

Shahada ya kwanza ya miaka mitatu nchini Tanzania inatakiwa kuwa na krediti zisizopungua 360, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Maana yake ni kwamba kozi ya krediti 10 inakudai saa 100, na mihadhara haimalizi hata nusu yake. Katika uchumi saa zinazobaki huenda kwenye kukokotoa maswali, jambo ambalo mtu anaweza kulifanya usiku mmoja akiwa na kahawa na rafiki anayejua. Katika sosholojia saa hizo ni za kusoma, na kusoma hakukubali kurundikwa. Kurasa 30 kwa wiki kwa wiki 14 ni jambo linalowezekana, lakini kurasa 420 katika siku tano za mwisho haziwezekani, na anayesema aliziweza alizipitia kwa macho tu.

Ukipewa nafasi ya kuchagua, chagua kozi mbili zinazofuatana kuliko nne zilizotawanyika. Ningependekeza utangulizi kwanza, kisha mbinu za utafiti wa kijamii katika mwaka huo huo unaojifunza ekonometriki. Kozi hizo mbili zikienda sambamba, utakuwa unajifunza kuchambua takwimu asubuhi na kujifunza mchana zilivyokusanywa, na hutakaa tena uziamini kwa urahisi uliokuwa nao.

Hatua ya pili: waanze waasisi kama wachumi wenzako

Watu wengi hufundishwa majina ya Marx, Durkheim na Weber, waasisi wa sosholojia, kama orodha ya kukariri, kila mmoja na nadharia yake, kisha wanaambiwa wamlinganishe mmoja na mwenzake. Kwa mwanafunzi wa uchumi iko njia fupi zaidi. Max Weber alikuwa profesa wa uchumi: aliajiriwa Freiburg mwaka 1894 na baadaye akahamia Heidelberg. Vilfredo Pareto, yule yule ambaye jina lake unalitaja kila unapozungumzia ufanisi wa mgawanyo wa rasilimali, alirithi kiti cha uchumi cha mchumi Léon Walras kule Lausanne, Uswisi, mwaka 1893, kisha akaishia kuandika kitabu kikubwa cha sosholojia kwa sababu aliona watu hawatendi kwa mantiki kama milinganyo yake ilivyodai. Marx hahitaji kutambulishwa. Watu hawa walivuka mpaka wakiwa wamebeba maswali ya kiuchumi ambayo uchumi wao haukuyamaliza, na ukiwasoma ukitafuta swali lile, maandishi yao yanakuwa mepesi.

Durkheim hakuwa mchumi, lakini ndiye atakayekushangaza. Mwaka 1897 alichapisha utafiti wake kuhusu kujiua, akitumia takwimu rasmi za nchi za Ulaya, na moja ya hoja zake ni kwamba viwango vya kujiua hupanda wakati wa misukosuko ya kiuchumi, na hupanda pia wakati neema inapokuja ghafla. Mchumi aliyezoea kwamba kipato kikiongezeka ustawi unaongezeka hana budi kusimama hapo. Jibu la Durkheim, kwamba mabadiliko ya ghafla ya aina yoyote huvunja mipaka inayomwambia mtu atamani kiasi gani, unaweza kulikubali au kulikataa. Ninachokuomba ni ulikatae ukiwa umelielewa.

Baada ya waasisi, njoo kwa waliofanya kazi moja kwa moja juu ya soko. Karl Polanyi alieleza mwaka 1944 kwamba ardhi na kazi ya binadamu si bidhaa zilizotengenezwa ili ziuzwe, na kwamba jamii inapolazimishwa kuzichukulia hivyo hujitetea kwa namna moja au nyingine. Mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha mwaka 1973 kwamba habari mpya, zikiwemo habari za kazi, huletwa zaidi na watu tunaofahamiana nao kwa mbali kuliko ndugu na marafiki wa karibu, kwa kuwa wa karibu wanajua yale yale tunayoyajua sisi. Miaka 12 baadaye alidai kwamba shughuli zote za kiuchumi zimezama ndani ya mahusiano ya watu. Msome pia aliyekwenda upande wa pili: Gary Becker, mshindi wa Nobeli ya uchumi mwaka 1992, aliyechukua vifaa vya uchumi na kuviingiza katika ndoa, uzazi na uhalifu. Na Elinor Ostrom, mwanasayansi ya siasa aliyepata Nobeli hiyo hiyo mwaka 2009, ni wa lazima kwa yeyote anayekusudia kuandika kuhusu maji ya umwagiliaji katika bonde la Usangu, kwa sababu alionyesha namna watumiaji wenyewe wanavyoweza kuitunza mali ya pamoja kwa kanuni zao, bila kuiuza na bila kuikabidhi kwa serikali.

Ukanda huu una maandishi yake pia. Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa wa Rungwe kati ya mwaka 1934 na 1938, na walichokikuta kimekuwa mfano unaosomwa duniani kote: vijana wa rika moja walikuwa wakijenga kijiji chao, kwa hiyo mtu aliishi na marika wake kuliko na ukoo wake. Ukiwa na bibi Tukuyu, mwulize anachokikumbuka kabla hujasoma. Utapata cha kuwasahihishia maprofesa. Mwanasayansi ya siasa Goran Hyden naye alidai mwaka 1980 kwamba mkulima wa Tanzania alikuwa hajatekwa na soko wala na serikali, kwa sababu alikuwa na uchumi wake wa kujuana na kusaidiana wa kukimbilia. Hoja hiyo ni nzuri kubishana nayo ukiwa Njombe, mahali ambapo maelfu ya Wabena walichukuliwa kwenda manamba, yaani vibarua wa mkataba, katika mashamba ya mkonge wakati wa ukoloni. Kama hao hawakutekwa na soko, neno kutekwa linahitaji kufafanuliwa upya.

Kuhusu namna ya kusoma, nina ushauri mmoja tu. Mtihani utaufanya kwa Kiingereza na vitabu ni vya Kiingereza, lakini baada ya kila sura andika nusu ukurasa kwa Kiswahili, bila kutazama kitabu, ukimweleza mtu asiyekwenda chuo mwandishi anadai nini. Ukishindwa, hukuelewa, ulikuwa umekariri istilahi.

Hatua ya tatu: chukua jambo moja la jirani na ulitazame kwa macho mawili

Hii ndiyo hatua ninayoipa uzito kuliko zote, na ningependa uifanye kabla ya wiki ya nne ya muhula. Tafuta jambo moja la kiuchumi unaloliona kila siku, uliandike kwanza kama mchumi, kisha kama mwanasosholojia, katika karatasi mbili tofauti. Nitaonyesha kwa lumbesa.

Yeyote aliyepita mashamba ya viazi mviringo ya Njombe au Uporoto ameliona gunia lile: limejazwa hadi mdomoni, kisha likaongezewa kilemba kilichoshonwa kwa kamba hadi likawa refu kuliko kijana anayelipakia. Sheria ya vipimo inakataza, na gunia halipaswi kuzidi kilo 100. Tuseme bei ya gunia ni shilingi 70,000. Likiwa na kilo 100, mkulima ameuza kilo moja kwa shilingi 700. Likiwa na kilo 130, ameuza kwa shilingi 538 na senti kidogo.

Karatasi ya mchumi itauliza swali zuri: kama kila mtu anajua gunia lina kilo 130, kwa nini bei ya gunia haipandi kufidia? Katika soko lenye wanunuzi wengi wanaoshindana, ukubwa wa kifungashio usingekuwa na maana yoyote. Kisha itatafuta nani ananufaika na gunia kubwa, na itagundua kwamba ushuru na ujira wa wapakiaji vinapohesabiwa kwa gunia, mfanyabiashara anayesafirisha kilo 13,000 katika magunia 100 badala ya 130 ameokoa malipo ya magunia 30. Itaongeza kwamba viazi vilivyokwisha kuchimbwa haviwezi kusubiri, kwa hiyo ugavi wa mkulima siku ile hauna unyumbufu, yaani haupungui hata bei ikiwa mbaya. Karatasi hiyo ni nzuri na nisingependa uidharau kwa sababu umeanza kusoma sosholojia.

Karatasi ya pili inaanza pale ya kwanza ilipoishia. Nani analishona lile gunia? Mara nyingi ni vijana wa kijiji hicho hicho, na anayewaleta ni dalali ambaye ni mtoto wa shangazi wa mwenye shamba, aliyekuja kwenye msiba wa mwezi uliopita na mchango wake ukatajwa. Mfanyabiashara mwenye gari hajulikani jina. Anayejulikana ni dalali, na kumkatalia kipimo ni kumwita mwizi mbele ya ndugu. Aliyemkopesha mkulima mbolea mwezi Novemba pengine ni huyo huyo. Mkulima mmoja akikataa, gari litakwenda shamba la pili, na yeye atabaki na viazi vyake pamoja na jina la mkorofi, na jina hilo halitamalizika msimu huu. Kumbuka sheria ipo na mizani ipo. Swali la sosholojia ni kwa nini mizani ile haiwezi kuletwa shambani bila uhusiano fulani kuharibika, na ni nani mwenye uwezo wa kuubeba uharibifu huo.

Sasa ziweke karatasi mbili pamoja. Utaona kwamba neno "ushindani" katika ya kwanza lilikuwa limebeba dhana kwamba mkulima anaweza kumwacha mnunuzi huyu akaenda kwa yule bila gharama, na karatasi ya pili imeonyesha gharama hiyo ilipo. Mwanafunzi aliyefika hapa ameielewa hoja ya Granovetter ya mwaka 1985 vizuri kuliko aliyekariri tafsiri yake.

Unaweza kufanya zoezi hili kwa VICOBA ya mama zako pale mtaani, kwa vibarua wa chai Mufindi, kwa madereva wanaokaa foleni Tunduma, au kwa mashamba ya miti ya watu wanaoishi Dar es Salaam. Jambo lolote linafaa ilimradi umeliona kwa macho yako.

Hatua ya nne: jifunze kuandika insha, kwa sababu hapa ndipo alama zinapopotea

Katika uchumi umezoea kwamba jibu likiwa sahihi, linatosha. Mhadhiri wa sosholojia hasahihishi jibu. Anasahihisha hoja, yaani dai, sababu yake, ushahidi wake, na namna ulivyomjibu anayepinga. Swali likisema "Jadili kwa nini wakulima wadogo huendelea kuuza kwa lumbesa ilhali sheria inakataza", nusu ya darasa litaandika hivi:

"Wakulima huuza kwa lumbesa kwa sababu ya ukosefu wa elimu, umaskini na kukosekana kwa masoko ya uhakika. Pia wanadanganywa na madalali. Serikali inapaswa kutoa elimu kwa wakulima."

Hakuna uongo wa wazi humo, na ndiyo shida yenyewe. Ni sentensi zinazoweza kuandikwa kuhusu zao lolote, mkoa wowote, na mtu ambaye hajawahi kuona gunia. Zaidi ya hayo, zinachukulia kwamba mkulima hajui kinachotendeka, wakati anakijua hadi kilo. Linganisha na hii:

"Mkulima anayeuza kwa lumbesa kwa kawaida anajua hasara yake. Kinachomzuia kukataa ni kwamba anayemletea mnunuzi ni ndugu au jirani ambaye atamhitaji tena, kwa mkopo wa mbolea au kwa msiba, kwa hiyo gharama ya kukataa hailipwi siku ya mauzo tu. Hoja hii inaafikiana na madai ya Granovetter kwamba biashara imezama katika mahusiano, lakini inaongeza jambo ambalo yeye hakulitilia mkazo: uhusiano ule ule unaojenga uaminifu ndio unaomfunga aliye dhaifu."

Aya ya pili ni ndefu kuliko ya kwanza, lakini si urefu unaoipa alama. Tofauti ni kwamba ina dai linaloweza kupingwa, ina utaratibu unaoonyesha jambo moja linavyozaa jingine, na inamtumia mwandishi wa kitabu kama mtu wa kubishana naye, bila kumfanya pambo. Kabla ya kukabidhi insha, pitia kila aya na ujiulize kama kuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kuikataa. Kama hakuna, ifute.

Usiweke pia milinganyo na michoro ili kuonyesha kwamba unatoka idara ya uchumi. Mchoro mmoja wenye kazi unakubalika. Mitatu ni majivuno.

Hatua ya tano: jihadhari na neno "utamaduni"

Mwanafunzi wa uchumi aliyeanza kuipenda sosholojia huanguka katika shimo moja, nami nilianguka humo. Anapokutana na jambo ambalo bei hazilielezi, anasema "ni utamaduni wao", na anadhani amemaliza.

Mfano wa hapa kwetu ni Wakinga wa Makete. Ukizunguka maduka ya Mbeya, Makambako hata Kariakoo, utasikia watu wakisema Wakinga wana biashara katika damu. Mtu aliyesoma kidogo atamkumbuka Weber na kuanza kuzungumzia maadili ya kazi. Lakini damu haielezi chochote, na utamaduni ukitumiwa kama damu hauelezi zaidi. Uliza maswali madogo. Kijana anapotoka Makete kwenda kukaa dukani kwa ndugu yake, analala wapi, analipwa nini, na baada ya miaka mingapi anapewa mzigo wa kuanzia? Nani anamdhamini kwa mwenye ghala? Akikimbia na mali, habari zinafika kijijini kwa siku ngapi, na nani analipa? Milima ile yenye baridi na mashamba ya mteremko ilikuwa ikitoa nini kwa kijana ambaye angebaki? Majibu ya maswali hayo yatakupa mfumo wa mafunzo, mtaji na adhabu, ambao unaweza kuulinganisha na mfumo mwingine wowote, na ambao ungeweza kuwepo au kutokuwepo kwa watu wa kabila lolote.

Kanuni ninayoitumia ni kwamba kila ninapoandika neno utamaduni, ninajaribu kulifuta na kuandika nani anamfanyia nani nini, na kitatokea nini asipofanya. Sentensi ikishindwa kusimama bila neno lile, bado sijafanya utafiti.

Hatua ya sita: nenda uwandani ukiwa umejiandaa kusahihishwa

Katika mwaka wangu wa tatu nilikwenda kijiji kimoja cha Njombe nikiwa na dodoso la maswali 64, nililolitunga nikiwa chumbani. Kwenye kaya ya kwanza nilimwamkia mzee shikamoo, mwenyekiti wa kitongoji akanitambulisha, tukakaa kwenye benchi, nami nikasoma swali la kwanza: "Mapato ya kaya yako kwa mwezi ni shilingi ngapi?"

Mzee alinitazama kwa huruma. "Mwezi gani, mwanangu?"

Nikamwambia mwezi wa kawaida. Akanieleza taratibu kwamba mahindi anauza Agosti, viazi anauza vikikomaa, na miti anauza mtoto akipelekwa shule, na kwamba miezi mingine haina kitu. Mke wake, aliyekuwa akichambua maharage pembeni, akasema bila kuinua kichwa: "Na ya kwangu unamwuliza yeye?" Maharage yale yalikuwa yake, fedha yake ilikuwa yake, na dodoso langu lilikuwa na mstari mmoja tu wa mkuu wa kaya. Siku ile nilirudi nyumba ya wageni nikiwa na karatasi moja iliyofutwafutwa, nikalitunga dodoso upya usiku. Nilikuwa nimesoma nadharia ya kaya kwa mihula miwili bila kujua kwamba katika nyumba ile kulikuwa na mifuko miwili.

Kwa hiyo fanya haya. Kwanza, barua. Barua ya utambulisho ya chuo hupitia kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikateremka wilayani au halmashauri, kisha kwa mtendaji wa kata na mtendaji wa kijiji; usiruke ngazi hata kama mtendaji ni mjomba wako, na uanze wiki kadhaa kabla. Pili, majira. Mvua za ukanda huu huanza karibu Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na katika miezi hiyo watu wako shambani na barabara za vijijini hazipitiki. Miezi ya baada ya mavuno ndiyo mizuri, kwa kuwa mtu ana nafasi na anakumbuka alivuna nini. Chukua sweta. Tatu, lugha. Kiswahili kitakutosha kwa maswali, lakini salamu ya "kamwene" kwa Wahehe na Wabena au "ugonile" kwa Wanyakyusa hufungua mlango, na bei, ugomvi na deni mara nyingi husimuliwa kwa lugha ya nyumbani, kwa hiyo mtafute mkalimani asiye ndugu wa mwenyekiti.

Jambo la nne ndilo gumu. Anza na mazungumzo marefu na watu wachache, kabla ya dodoso, ili ujue vipimo wanavyotumia wenyewe: debe, sado, gunia, ekari, kibarua cha siku. Jaribu maswali kwa kaya tano ambazo hutazitumia katika sampuli. Zungumza na mke na mume kwa nyakati tofauti. Eleza wazi kwamba hukutumwa na mtu wa kodi wala na mradi unaogawa fedha, kwamba mtu anaweza kukataa, na kwamba jina lake halitaandikwa. Kisha usiliandike kweli, hata kwenye daftari lako.

Hatua ya saba: ziunganishe katika tasnifu

Msimamizi wako wa uchumi atataka jedwali la regresheni, yaani hesabu inayoonyesha kigezo kimoja kinavyohusiana na vingine, na hana kosa. Mwanafunzi mwenye sosholojia kidogo anaweza kumpa jedwali lenye vigezo alivyovichagua kwa sababu.

Anza na data zilizopo. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ina data za Sensa ya 2022, iliyohesabu watu 61,741,120, pamoja na tafiti za mapato na matumizi ya kaya, na utafiti wa kufuatilia kaya zile zile ulioanza mwaka 2008/09. Zitumie kuonyesha ukubwa wa jambo katika mikoa yako. Kisha tumia mahojiano yako, hata kama ni ya watu 15, kueleza utaratibu ulio nyuma ya namba. Usijaribu kugeuza watu 15 kuwa asilimia. "Asilimia 40 ya waliohojiwa" ikiwa na maana ya watu sita ni namba iliyovaa suti ya kuazima. Sema "sita kati ya 15", na ueleze hao sita wana nini ambacho tisa hawana.

Mahali ambapo mahojiano na jedwali vinapingana, usifiche. Kama regresheni inasema wanachama wa ushirika wanapata bei bora, na wanachama uliozungumza nao wanalalamika kwamba hawapati, huenda walioingia ushirika ni wale ambao tayari walikuwa na gari au mtaji. Mchumi huuita huo upendeleo wa uteuzi na ana mbinu za kuushughulikia. Mwanasosholojia ataenda kuuliza nani alialikwa kwenye kikao cha kwanza. Andika sura ya nne juu ya mpingano huo. Wasahihishaji wengi watakumbuka sura hiyo baada ya kusahau nyingine zote.

Tasnifu ikishapita, chapa kurasa mbili za Kiswahili zenye matokeo yako, bila jedwali wala jina la mtu, uzipeleke kwa mtendaji wa kijiji uliyemwachia nakala ya barua. Omba zisomwe kwenye mkutano wa kijiji, na ukiweza uwepo, ukae nyuma. Yule mama wa maharage naye atakuwa na la kusema.